Nilifundisha miaka 35, lakini anayenijia usiku ni mtoto niliyemrudisha nyumbani

BARUA

Kwako mwandishi wa safu ya ushauri,

Pokea salamu zangu kutoka Umoja, mtaa wa Nairobi ambao nimeishi tangu mwaka 1984. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule za msingi. Nilizaliwa mwaka 1948, nikaanza kufundisha Januari 1969 nikiwa wa daraja la P3, la chini kuliko P1, nikaendelea kujisomea usiku na kufanya mitihani kama mtahiniwa wa kibinafsi hadi nikapandishwa kuwa P1, na nikastaafu mwisho wa mwaka 2003 nilipotimiza miaka 55, kwa kuwa huo ndio uliokuwa umri wa kustaafu katika utumishi wa umma kabla haujasogezwa hadi 60 mwaka 2009. Miaka hiyo yote 35 niliimaliza katika shule za baraza la jiji, nyingi zikiwa kando ya Barabara ya Jogoo. Mume wangu alifariki miaka tisa iliyopita. Ninaishi na mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu, na pensheni yangu, ingawa ni ndogo, inanitosha kwa chakula na dawa za presha, kwa hiyo sikuandikii kwa sababu ya fedha.

Mwaka huu wanangu watatu wameamua kuchapisha kitabu kidogo cha maisha yangu, wakigawe kwa wajukuu na jamaa tutakapokutana mashambani mwezi wa Desemba. Kifungua mimba wangu aliniletea daftari la kurasa 200 na kalamu mbili, akaniambia, “Andika yote, Mama, usiache kitu.” Nilifurahi sana, na kwa majuma matatu niliandika bila shida. Niliandika juu ya miaka ya CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, wakati mtoto alipofanya karatasi tatu tu, Kiingereza, Hisabati na ile ya mambo ya jumla, na Kiswahili hakikuwa na mtihani wake. Niliandika juu ya hisabati mpya, ambayo wengi wetu tuliifundisha kabla hatujaielewa vizuri wenyewe, hadi ilipofutwa mwaka 1981. Niliandika juu ya maziwa ya Nyayo, ambayo serikali ya Rais Moi iliwapa watoto wa shule bure, yaliyoletwa katika pakiti za pembe tatu, na jinsi baadhi ya watoto walivyokuwa wakinywa nusu kisha wakaikunja ile pembe waliyoitoboa, wapate kumpelekea mdogo wao nyumbani. Niliandika juu ya mwaka wangu wa mwisho, 2003, masomo ya msingi yalipofanywa kuwa bila malipo, nikajikuta na watoto 112 katika darasa la kwanza, mvulana wa miaka 14 akikaa bega kwa bega na watoto wa miaka sita.

Lakini mwaka 1990 nilikuwa nimeuruka. Nilipourudia ili nijaze pengo, kalamu ilisimama.

Mwaka huo nilikuwa mwalimu wa darasa la saba. Mtaala wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulitaka watoto wafundishwe kazi za mikono na sayansikimu, na shule yetu haikuwa na karakana, hivyo kamati ya shule ilipitisha kwamba kila mzazi atoe shilingi 150 za ujenzi. Jumanne moja ya muhula wa pili, mwalimu mkuu alitugawia orodha za wenye madeni, akatuamuru tuwasome majina na kuwatoa kabla ya kipindi cha kwanza. Orodha yangu ilikuwa na majina tisa. La nne lilikuwa la msichana aliyekaa dawati la mbele karibu na dirisha, kiranja wa darasa, ambaye insha zake za Kiswahili nilikuwa nikizisoma kwa sauti ili wenzake wajifunze. Mama yake alikuwa akiuza nyanya na sukumawiki katika soko moja la huku Eastlands, na alikuwa amekwisha kulipa shilingi 60. Zilibaki 90.

Niliposoma jina lake alisimama, akavipanga vitabu vyake ndani ya dawati, vikubwa chini na vidogo juu, akaniuliza, “Mwalimu, naweza kuviacha? Kesho nitarudi.” Nikamwambia aviache. Wale wenzake wanane walirudi kabla ya majuma mawili kwisha. Yeye hakurudi. Kila asubuhi nilipoita rejista niliandika sifuri mbele ya jina lake, na mwisho wa muhula nikachukua rula na kalamu ya wino mwekundu, nikalipiga jina lile mstari. Vitabu vyake nilivikabidhi stoo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu hadi mwaka huu. Amri ya kuwatoa watoto haikuwa yangu, na kama ningekataa, orodha ingesomwa na mwingine. Lakini mshahara wangu ulikuwa umeingia wiki hiyohiyo, na shilingi 90 zilikuwa ndani ya mkoba wangu nilipokuwa nikisoma majina. Na baada ya hapo, kwa miezi kadhaa, kila nilipotoka kazini nilimwona mama yake kwenye kibanda chake, na badala ya kwenda kumuuliza mtoto yuko wapi, nilivuka barabara nikanunua nyanya kwa mtu mwingine. Hakuna aliyeniamuru nivuke barabara. Mwaka uliofuata kibanda kile kilikuwa na muuzaji mwingine.

Hayo yote niliyaandika katika kurasa tatu. Mwanangu alipozisoma alinyamaza kwa muda, kisha akaniambia kwa upole kwamba kitabu hiki ni cha kuniheshimu, kwamba kila mwalimu wa wakati ule alifanya vivyo hivyo, na kwamba si vizuri wajukuu wakasoma habari hizi. Binti yangu naye ana wasiwasi kwa sababu tangu hapo nimelisimulia jambo hili mara nyingi, na anahofia kwamba ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau. Ni kweli kwamba ninaamka saa tisa usiku na sipati usingizi tena hadi alfajiri. Lakini sijasahau kitu, mwanangu. Taabu yangu ni kwamba ninakumbuka.

Nimepiga hesabu nikaona kwamba zaidi ya watoto 1,500 wamepita mikononi mwangu. Mwezi uliopita makanga wa matatu ya Umoja alikataa nauli yangu, akawatangazia abiria kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, nami sikuweza kumkumbuka, jina wala sura. Nilishuka na huzuni. Imekuwaje niwasahau niliowafaa, kisha nimkumbuke niliyemkosea, hadi mpangilio wa vitabu vyake?

Nakuomba ushauri katika mambo mawili. Kurasa zile tatu zibaki au ziondolewe? Na je, ni haki nimtafute msichana yule, ambaye sasa anakaribia miaka 50, au nitakuwa ninamsumbua ili mimi nipate usingizi?

Wako,
Mwalimu mstaafu, Umoja, Nairobi

JIBU

Shikamoo Mwalimu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla sijajibu naona ni haki ujue ninaisoma nikiwa upande gani. Mimi nilifanya KCPE, mtihani wa darasa la nane uliokuja baada ya CPE, miaka ile ilipokuwa ya alama 700, na asubuhi kama hiyo unayoieleza ninaijua, kwa kuwa nilikuwa miongoni mwa waliobaki darasani. Sisi tuliobaki tuliyaona madawati yakiwa wazi. Wakati wa mapumziko hatukulizungumzia jambo hilo, lakini hadi leo ninaweza kukutajia nani alikuwa akikaa wapi. Nimelisema mapema kwa sababu nitalihitaji nitakapofika kwenye swali lako la pili.

Nianze na hofu ya binti yako. Mwaka 1963 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba mtu anapofika uzeeni huwa na kazi ya kawaida kabisa ya kuyapitia upya maisha yake, na kwamba mzee anayerudia habari za zamani hafai kuhesabiwa papo hapo kuwa amedhoofika akili, kama watu wengi walivyodhani wakati huo. Aliona kwamba katika kuyapitia hayo, yale ambayo hayajapata suluhu ndiyo hujitokeza kwa nguvu, na alionya pia kwamba yanaweza kumtia mtu katika majuto mazito. Barua yako, yenye miaka, hesabu na makanga wa mwezi uliopita, haisomeki kama ya mtu anayepotewa na kumbukumbu. Hata hivyo mimi si daktari, na usingizi unaokatika kila usiku saa tisa ni jambo la daktari, kwa sababu kwa wazee huzuni nzito mara nyingi huonekana katika usingizi na hamu ya chakula, na inatibika. Siku utakayokwenda kuchukua dawa za presha, mweleze habari hiyo waziwazi, na umwombe binti yako akusindikize ili naye asikie jibu kwa masikio yake.

Sasa tuje kwenye shilingi 90.

Mwanao ana sehemu ya haki, na ninaona ni muhimu sehemu hiyo iandikwe vizuri kuliko alivyoisema. Desemba 1973 Rais Kenyatta alitangaza kwamba karo imefutwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, lakini muda si mrefu shule zikaanza kutoza pesa za ujenzi, ambazo mahali pengi zilizidi ile karo iliyofutwa. Serikali ya Rais Moi ilipoziondoa pesa hizo, yakaja na maziwa yale uliyoyagawa. Kisha ikaja ripoti ya kamati ya Kamunge kuhusu elimu ya mwaka 1988 na sera ya kugawana gharama, ambayo iliiachia serikali mishahara ya walimu na kuwabebesha wazazi majengo, madawati na vitabu, wakati uleule 8-4-4 ilipokuwa ikidai karakana. Ndipo mwalimu wa darasa, aliyesomea kufundisha, alipokabidhiwa orodha ya madeni. Mlango uliofunguliwa Januari 2003, ambao watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka kuuingia kwa mwaka mmoja, ulikuwa umefunguliwa na kufungwa hivyo mara kadhaa, na wewe ulikuwa umesimama hapohapo mlangoni kila mara. Wajukuu wako waliozaliwa baada ya hapo huenda hawajui kwamba kiranja wa darasa aliweza kutolewa shuleni kwa sababu ya bei ya karakana. Nani atawaambia, kama waliokuwapo watanyamaza kwa ajili ya heshima?

Lakini hukuniandikia ili nikusomee historia, na sitakwambia kwamba hukukosa. Watu wanaokupenda wamekwisha kukwambia hivyo, na hukulala. Wewe mwenyewe umetenganisha mambo mawili kwa ukweli ambao ni wachache wangeuweza: kusoma orodha, na kuvuka barabara. La kwanza ulilifanya ukiwa mtumishi, la pili ulilifanya ukiwa wewe mwenyewe, na nadhani la pili ndilo linalouma kwa sababu lilidumu. Jumanne ile ilikuwa siku moja, lakini barabara uliivuka jioni baada ya jioni kwa miezi. Sioni ukatili katika kitendo hicho. Ninaona aibu, ambayo siku ya kwanza ilikuwa ndogo kiasi cha kuondolewa kwa salamu tu, kisha kila siku uliyopita bila kusalimia ikawa sababu ya kutoweza kusalimia kesho yake. Kwa maoni yangu kosa lako ni dogo kuliko unavyoliona saa tisa usiku, na ni kubwa kuliko anavyoliona mwanao mchana.

Nisipokubaliana nawe ni hapa. Katika barua yote unaandika kana kwamba msichana yule alikoma siku ulipopiga jina lake mstari. Yaliyofuata huyajui, Mwalimu. Huenda mama yake alihamia upande mwingine wa jiji na mtoto akaendelea na masomo katika shule ambayo deni halikumfuata. Huenda aliingia sokoni pamoja na mama yake. Huenda alirudi darasani akiwa mtu mzima, kwa maana mzee Kimani Maruge wa Eldoret aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, na aliyekosa mwaka mmoja na muhula wa shule ya msingi ana mwendo mfupi kuliko huo. Huenda anakukumbuka kwa uchungu, na huenda anazikumbuka zaidi insha zake ulizozisoma kwa sauti. Vyovyote iwavyo, ameishi miaka 36 ambayo hukuwamo, na ana masimulizi yake mwenyewe ya Jumanne ile. Ukienda kwake ukiwa umekwisha kuuandika mwisho wake kichwani, utakuwa unakwenda kuonana na ile rejista, na yeye hutamwona.

Kwa sababu hiyohiyo nakuomba usimfanye makanga yule kuwa jiwe la mizani, 1,500 upande mmoja na mmoja upande wa pili. Kumfundisha mtoto kusoma ni kazi inayokwisha. Siku anapoanza kusoma mwenyewe, mwalimu humgeukia yule wa dawati la nyuma ambaye bado herufi zinamchanganya, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Hukumkumbuka kwa kuwa hakukuachia kazi iliyobaki, na hilo ni jema. Ukipanda matatu yake tena, muulize jina lake na mwaka aliokuwa darasani mwako, muulize ni kitu gani cha kwanza alichokisoma mwenyewe, halafu uyaandike majibu yake katika daftari lako usiku huohuo. Nina hakika atakumbuka.

Kuhusu kurasa tatu, ninasema zibaki, ila zisitoke Desemba hii kabla hujajua kama mwenyewe anapatikana. Si haki mtu akute siku aliyotolewa shuleni imechapishwa katika kitabu cha familia ya mwalimu wake, hata kama kitabu hicho kinasomwa na jamaa arobaini tu. Kitabu kidogo cha namna hiyo kinaweza kuchapishwa tena mwakani kikiwa na kurasa zilizoongezwa. Akipatikana, yeye ndiye atakayesema ziingie au zisiingie. Asipopatikana, ziingie bila jina lake, bila jina la mama yake wala la soko, lakini usiondoe shilingi 90, usiondoe vitabu vikubwa chini na vidogo juu, na usiondoe barabara. Wala usimwombe msomaji msamaha, maana mjukuu wa miaka 12 hana mamlaka ya kuutoa. Eleza ulichofanya, eleza sheria za wakati ule, kisha uendelee na mwaka 1991.

Kwa hayo mambo ya sheria na miaka usiitegemee kumbukumbu peke yake. Mjukuu wako akiwa na nafasi, mwende pamoja hadi Nyaraka za Kitaifa pale Barabara ya Moi, mkaombe mafaili na ripoti za wizara ya elimu za miaka yako. Ukitaka mahali pa kukaa kimya na daftari lako, maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931, ina matawi yake Kaloleni na Makadara, karibu na zile shule ulizofundisha. Na mkono ukichoka, msimulie mjukuu akurekodi kwa simu, naye ayaandike baadaye kama ulivyoyasema.

Lakini kabla ya hayo yote, keti na mwanao. Alizisoma zile kurasa peke yake, macho yake yakitafuta kitakachoharibu jina la mama yake. Jumapili baada ya chakula, mwombe akusikilize ukizisoma kwa sauti, yeye na ndugu zake, bila kukatizwa. Mtu anayesoma makosa ya mama yake hushtuka, lakini anayeyasikia kwa sauti ya mama yake huuliza maswali, na katika maswali hayo ndipo atakapoelewa kwa nini huwezi kuuruka mwaka huo.

Sasa swali lako la kumtafuta, ambalo nimelifikiria kuliko mengine. Unaogopa kwamba utamsumbua ili wewe upate usingizi. Hakuna anayemtafuta mtu baada ya miaka 36 akiwa na nia moja tu, kwa hiyo usingoje hadi nia iwe safi kabisa. Jiulize hivi: kama ungeambiwa kwamba hata ukimpata utaendelea kuamka saa tisa, bado ungependa kujua yuko wapi na ameishije? Kama jibu ni ndiyo, mtafute. Kama ni hapana, ngoja, umwone daktari kwanza, kisha ujiulize tena.

Ukiamua kumtafuta, usianzie shuleni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda habari za watu binafsi, na hata kama karani angekubali kukupa anwani ya zamani kwa heshima ya umri wako, isingekuwa haki kumwomba. Usikubali pia mjukuu aweke jina lake kwenye Facebook au kwenye makundi ya WhatsApp ya waliosoma shule hiyo, hata kwa nia njema, kwa maana swali la kwanza la watu litakuwa anatafutwa kwa nini, na jibu ni jambo ambalo pengine hajawaambia hata watoto wake. Hapa ndipo tunapofaa sisi tuliobaki madawatini. Katika darasa lile la 1990 yuko angalau mmoja ambaye bado unajua alipo, na ingefaa zaidi akiwa mwanamke, na zaidi sana akiwa mmoja wa wale wanane waliorudi. Mwite nyumbani, mpe chai, mwambie yote, kisha umwombe awe mjumbe wako kwa mtu huyo mmoja na si kwa mwingine.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na ujumbe wako ukubali kwamba hujui. Utumwe mara moja tu. Asipojibu, kimya chake ni jibu, nawe hutamtuma mjumbe tena wala hutapita mtaani kwake kama kwa bahati. Ukiambiwa kwamba ametangulia mbele ya haki, wape pole jamaa zake kupitia kwa mjumbe huyohuyo, usiwapelekee kisa ambacho hawakukiuliza.

Akikubali, yeye achague mahali na saa. Nenda na mjukuu wako kwa ajili ya usafiri, naye asubiri mbali kidogo, na simu yake ikae mfukoni. Usibebe fedha. Najua umefikiria kumrudishia zile 90, pengine pamoja na mengine mengi juu yake, lakini ukizitoa utakuwa umeligeuza jambo lenu kuwa deni, na deni likilipwa mazungumzo hufungwa kabla yeye hajasema lake. Msikilize kwanza. Akitaka kujua, mwambie habari ya mkoba na habari ya barabara bila kuipamba na bila kujitetea, kwa sababu yawezekana mama yake alikuona ukivuka, na kwamba jambo hilo limezungumzwa nyumbani kwao kwa miaka yote hii bila wewe kujua. Muulize mama yake yuko wapi. Msamaha usiuombe siku hiyo. Akiwa nao, ataujua mwenyewe wakati wa kuutoa.

Ujumbe nimekuandikia, uubadilishe upendavyo, ila usiurefushe:

“Mwalimu wako wa darasa la saba wa mwaka 1990 yu hai, yuko Nairobi. Anavikumbuka vitabu ulivyoviacha dawatini. Angependa kukuona, au kuzungumza nawe kwa simu, ikiwa wewe utapenda. Ikiwa hutapenda, hatakutumia ujumbe mwingine.”

Mjumbe aufikishe huo bila kuongeza maelezo yake, aache nambari yako ya simu, kisha aondoke.